Simu Inashika Dirishani Tu: Kabla Hujanunua Busta Soma Dalili Kwanza

Kuna nyumba moja Goba hapa Dar, ni zile za bondeni ukiacha lami unateremka, nimefika pale nakuta simu imekaa ndani ya kikombe cha plastiki, kikombe kimefungwa kamba ya katani kwenye nondo za dirisha la jikoni. Mama mwenye nyumba ananiambia fundi hapo ndo ofisini kwangu, ikiita naikimbilia, naweka spika naongea nimeinama hivi hivi, nikiitoa tu kwenye kikombe imekata. Na busta, kile kifaa cha kukuza mtandao wa simu, anayo! Kanunua Kariakoo, imefungwa sebuleni taa zinawaka kijani safi kabisa, ila antena yake ya nje fundi aliyenitangulia kaipigilia ukutani chini ya bati, urefu wa kiuno changu, inaangaliana na ukuta wa jirani.

Ile busta haikuwa mbovu. Busta haitengenezi mtandao, inasikia kilichopo kwa antena ya nje halafu inakirudia kwa sauti kubwa kwa antena ya ndani, sasa ukiiweka sehemu ambayo haisikii kitu itakurudishia hicho hicho hakuna kitu. Ni kama spika za msikitini, maiki ikiwa imezimwa hata ufunge spika kumi juu ya mnara hakuna adhana itakayotoka. Kwahiyo ukiwa na shida ya mtandao nyumbani au dukani usikurupuke na hela mkononi, anza na dalili, maana dalili zinafanana lakini sababu zake hazifanani kabisa.

Kwanza namba, vijiti achana navyo

Vile vijiti juu ya simu kila mtengeneza simu anavichora anavyotaka mwenyewe, simu mbili zimelala pamoja mezani laini moja, hii vijiti vinne ile viwili. Namba ya kweli inaitwa dBm. Kwenye Android nyingi ingia Setingi, Kuhusu simu, halafu hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi, au piga *#*#4636#*#* japo kuna simu wameifunga. Kwenye iPhone ni *3001#12345#* halafu unapiga. Namba ina alama ya kutoa mbele kwahiyo -80 ni nzuri kuliko -110, usije ukachanganya.

Kwa 4G angalia iliyoandikwa RSRP, ndo nguvu ya mawimbi yake. Kuanzia -80 kupanda ni raha mustarehe, kati ya -80 na -100 mambo yanaenda, ukikaribia -110 simu inahangaika na betri inaisha haraka kwasababu inapiga kelele kuutafuta mnara, -120 hapo ni bahati nasibu. Usiilinganishe na namba ya 2G, zinapimwa tofauti, -95 ya 4G ni ya kawaida tu ila -95 ya 2G ni dhaifu. Kingine, hizi dB haziendi kama shilingi, kila dB 3 nguvu inazidi mara mbili, kila dB 10 ni mara kumi, kwahiyo kutoka -110 mpaka -80 sio kapengo kadogo, ni mara elfu moja.

Pima sehemu tatu: ndani pale unaposumbuka, nje mlangoni, na juu kabisa unapoweza kufika bila kuvunjika shingo. Kila laini uliyonayo pima, andika kwenye karatasi. Pale Goba nilipata jikoni -119, mlangoni -112, nikapanda juu ya simtanki nikapata -91. Karatasi hiyo tu imeshamaliza nusu ya kazi, mtandao upo, uko mita sita juu ya kichwa cha mama.

Nje upo, ukiingia ndani unapotea

Hii ndo ya kawaida kuliko zote na ndo yenye dawa. Sababu ni nyumba yenyewe. Bati ni ukuta wa chuma kwa mawimbi, zege lenye nondo nalo linakula sana, na siku hizi maofisi na maghorofa yana vioo vya rangi vinavyong'aa kama sahani, vile vina utando wa metali, vinazuia joto na vinazuia simu pia. Fremu za chini ya ardhi Kariakoo ndo kabisa, wakala anatoka nje na simu ya mteja mkononi kufanya muamala juu ya ngazi, mteja anamfuata nyuma anaogopa hela yake.

Kabla hujafikiria busta jiulize kama hapo ndani una fiba au waifai yoyote ya maana. Kama ipo, angalia kwenye setingi za simu kama kuna kupiga kwa waifai (Wi-Fi calling), na ulizia kampuni yako kama laini yako inakubali, ikikubali umemaliza bila kutoa senti. Kama haikubali basi simu za WhatsApp zitakusogeza, shida inabaki kwa wanaokupigia kawaida na miamala.

Kama shida yako kubwa ni intaneti tu, chukua rauta ya 4G yenye matundu ya antena za nje, antena iende juu ya paa, rauta ikae ndani igawe waifai. Mi hii ndo naipenda kuliko busta kwasababu hairudii masafa ya mtu, ni kama simu yako tu imepanda juu ya bati. Antena ya 4G inataka waya mbili, usifunge mmoja ukauacha wa pili unaning'inia, na kama ni antena mbili za kawaida zilaze kimshazari, moja kushoto moja kulia kama herufi X, spidi utaiona mwenyewe.

Hata nje hakuna, mpaka upande kilimani

Dar watu wanaiona tambarare lakini ukifika Goba, Madale, Kinyerezi, Pugu huko unakutana na mabonde ya kutosha, mnara unauona kwa macho ukiwa barabarani, ukishuka nyumbani kilima kimekata kila kitu. Hapa kupandisha antena ndo dawa ya kwanza. Bomba la chuma la mita sita limeshikiliwa na waya tatu linafanya kazi ambayo busta ya bei mbaya haiwezi. Kuhusu kuuona mnara, usiamini macho, minara mingi ni ya kampuni za minara kama Helios Towers ambao wanapangisha, mnara mmoja unaweza ukawa na kampuni tatu na laini yako isiwepo hapo. Zungusha antena kidogo kidogo, kila ukisogeza subiri kama dakika moja namba itulie, andika, endelea. Mara nyingi namba nzuri inatoka upande ambao hukuutegemea.

Ukipanda na bado hakuna kitu, basi mtandao unabidi uende ukauchukue ulipo. Kuna jamaa Chanika ana banda la kuku na nyumba bondeni, mita kama 400 kutoka juu kwa shemeji yake ambako 4G inashika vizuri. Tulichofanya, rauta ya 4G ikakaa kwa shemeji, pale pale tukafunga kifaa cha kurusha waifai ya masafa ya 5 GHz, vile vyeupe vya nje kama sabuni ya mche, na chenzake tukakifunga kwenye bomba bondeni, vinaangaliana. Umeme wake unapanda kwenye waya ule ule wa intaneti kwahiyo huhangaiki kupandisha soketi juu ya paa.

Tatizo likaja baada ya wiki mbili, link inakatika mchana inarudi usiku. Tumehangaika na setingi weee, mwisho napanda juu naangalia kwa jicho, naona mwembe wa katikati umesogea kwenye njia, upepo wa mchana unayumbisha tawi, usiku upepo umetulia. Watu wanadhani ukishauona upande wa pili kwa tundu la sindano inatosha. Haitoshi, mawimbi yanasafiri yamevimba katikati kama embe, kwa mita 400 kwenye 5 GHz pale katikati ya njia yanataka nafasi kama mita mbili na nusu kila upande. Tulimuomba mwenye mwembe tukate tawi, akakataa, na haki yake, mwembe wake unazaa. Tukaongeza bomba.

Vijiti vimejaa ila intaneti haitembei

Hapa busta ni hela ya kutupa. Kama saa mbili usiku video inazunguka tu halafu ukiamka saa kumi alfajiri inaruka kama umeme, mnara umeelemewa na watu, mtaa mzima wamerudi kazini wako kwenye simu. Kuongeza sauti kwenye chumba chenye watu wengi wanaoongea hakuleti maelewano. Jaribu laini nyingine hapo hapo kwa saa ile ile ya shida, sio mchana. Kama rauta yako inaruhusu kuchagua bendi, yaani fungu la masafa, ihamishe bendi nyingine, mara nyingi bendi ya chini ndo inafika mbali na ndo kila mtu kaikimbilia.

Angalia pia namba inaitwa SINR, hii inaonyesha usafi wa mawimbi. RSRP ikiwa nzuri halafu SINR iko karibu na sifuri au chini yake, una minara miwili mitatu inakuimbia kwa pamoja, ghorofani hii inatokea sana maana kule juu unaona kila mnara wa mji. Dawa yake ni antena ya kuelekeza upande mmoja, ile ya vijiti kama ya televisheni au ya bapa, iangalie mnara mmoja iwape mgongo wengine.

Na samahani kwa hili lakini limeshanipeleka Mbagala na boda kwenye mvua: hakikisha bando halijaisha.

Nimefunga busta, taa inawaka, hamna mabadiliko

Kabla ya yote, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na yale masafa yana wenyewe, kampuni za simu zimeyalipia leseni, kwahiyo ongea na kampuni yako kwanza kabla hujarusha kitu kwenye masafa yao. Kwa ofisi au jengo la biashara wanaweza wakaja kupima na kufunga cha kwao. Sasa kama yako ni ya halali na bado haileti kitu, mkosaji anakuwa mmoja kati ya hawa.

Bendi. Hapa kwetu laini zinatembea kwenye masafa ya MHz 700, 800, 900, 1800, 2100, na kuna za juu 2300, 2600 mpaka 3500 za 5G. Busta imeandikwa 900 ubavuni, we unataka 4G ya 1800, hapo imekula kwako. Unaiona kwa haraka, vijiti vimeongezeka lakini juu ya simu kumeandikwa E, umeongezewa 2G. Na nyingi za hizo za 2300 kupanda, kupokea na kutuma kunapokezana kwenye masafa yale yale, busta za bei rahisi haziwezi huo mchezo.

Waya. Hapa ndo hela za watu zinapotelea. Ule waya mwembamba mweusi unaokuja kwenye boksi, kwenye 1800 unakula kati ya nusu dB na karibu dB nzima kwa kila mita. Mita 15 tayari umepoteza dB 8 mpaka 13, na antena yako ya paani imekuongezea dB 9, maana yake umepanda juu ya paa na jua lile kwenda kuchukua sifuri. Waya mnene wa aina ya LMR400 kwa urefu huo huo unapoteza dB 3 hivi. Waya mnene haujikunji vizuri na bei yake inauma, najua, basi punguza urefu, sogeza busta karibu na antena ya nje. Na usiunge kwa waya wa king'amuzi, ule ni wa ohmu 75 na vifaa hivi vingi ni ohmu 50, na konekta zake zinalegea.

Konekta zenyewe, zifungue uziangalie kwa tochi. Nimeshakuta kasindano ka katikati kamerudi ndani milimita mbili tu, kwa nje imekaza vizuri kabisa, ndani hakuna kinachogusana.

Busta inawasha taa nyekundu, au mtandao unakuja unakata

Inajisikia yenyewe. Antena ya ndani inatoa sauti, antena ya nje inaidaka, busta inaikuza tena, unajua ile filimbi ya maiki ikikaribia spika kwenye harusi, ndo hiyo hiyo ila huisikii kwa masikio. Busta nzuri inapunguza nguvu au inajizima, mbovu inaendelea tu kupiga filimbi mpaka kwenye mnara.

Mi mwenyewe nilishafanya huu ujinga Tabata, antena ya nje juu ya ukuta, ya ndani chini ya dari ya jipsamu, zimeachana mita tatu, tena niliona nimepanga kistadi. Kesho yake fundi cherehani wa jirani anauliza mtaa mzima mbona laini zimekufa, na mi niko pale namuitikia kweli kaka hawa watu wa mitandao wanatuonea. Jioni nimezima busta nibadilishe soketi, simu yake ikaanza kumiminikiwa meseji. Sikumwambia siku ile. Lakini ndo nikaelewa kwanini wenye leseni wanakuwa wakali.

Hesabu yake ni hivi, utenganisho wa antena mbili, yaani mawimbi yanavyopungua kutoka moja kwenda nyingine, unatakiwa uzidi nguvu ya kukuza ya busta kwa dB 15 hivi. Busta ya dB 65 inataka utenganisho wa dB 80. Mita 10 za hewa tupu kwenye 1800 zinakupa dB 57 tu. Zilizobaki unazitafuta kwenye vizuizi, antena ya nje iipe mgongo ya ndani, moja iwe juu ya nyingine badala ya kukaa usawa mmoja, na katikati kuwe na zege au bati. Bati lile lile lililokuulia mtandao ndani sasa linakulinda, ndo maana nyumba za bati zinakubali kuliko banda la mbao. Ukikosa umbali punguza nguvu ya busta, nyingi zina swichi au kitufe, watu wanaweka mwisho kama sabufa wakati nusu ingewatosha.

Kuna kinyume chake pia, mnara uko mita 100 dirishani, sauti inaingia kubwa mno busta inaziba masikio. Geuza antena ya nje pembeni kidogo. Inachekesha lakini inafanya kazi.

Nawasikia, wao hawanisikii

Mnara una nguvu kubwa, simu yako ina nguvu ndogo, kwahiyo njia ya kurudi ndo inakufa kwanza. Kama unatumia busta angalia upande wa kutuma kama una taa yake na inawaka nini. Kama huna busta, vua kava la simu kwanza, yale yenye bati la sumaku la kubandika kwenye gari yanaharibu sana. Halafu jaribu kuilazimisha simu ibaki 3G au 2G unapopiga, simu zingine ukipiga kutoka 4G zinahama mtandao katikati na pale zinapohama ndo sauti inapotelea.

Ikinyesha inakata

Mvua yenyewe kwenye masafa ya simu haifanyi kitu cha maana, tembea na hiyo. Kinachokata ni maji yaliyoingia kwenye konekta ya juu, ndo maana masika ikiisha bado inasumbua siku mbili tatu mpaka pakauke. Funga konekta kwa tepu ya mpira ile inayojinatia yenyewe, ukianzia chini kwenda juu, na kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee nje. Mara nyingine sio maji, ni umeme umekatika na mnara unaendeshwa na betri, hilo huna la kufanya. Bomba la chuma juu ya paa lifungie waya wa ardhini, radi haina urafiki.

Repita ya waifai, vijiti vyote, spidi nusu

Repita nyingi za kuchomeka ukutani zinapokea na kutuma kwa redio hiyo hiyo moja, kwahiyo spidi kugawanyika nusu ni kawaida yake. Kosa kubwa ni kuichomeka chumbani kule kule ambako waifai haifiki. Iweke katikati ya njia, sehemu ambayo bado waifai ya rauta inashika vizuri. Ukiweza kuvuta waya kutoka kwenye rauta mpaka huko, vuta waya.

Tumalizie Goba. Busta nilimshauri aitoe. Laini yake ya kupokea simu nimeihamishia kwenye simu ya mezani inayotumia laini, ile yenye tundu la antena mgongoni, antena iko juu ya simtanki, waya mnene wa mita nane, jikoni sasa inaita mpaka kuku wanashtuka, na ina betri yake kwahiyo umeme ukikatika inaendelea. Ila haifungui menyu za miamala, kwahiyo laini ya pili ya M-Pesa bado inaishi kwenye kikombe, nimempandishia tu kamba juu sentimita kama arobaini, -119 ikawa -113, na menyu inafunguka ukiwa mvumilivu.